Waya wa joto, mbao za povu au majani makavu: kipi kinazuia septiki isigande?

MamaBaraka (nje ya St. Cloud, Minnesota)

Wakuu, habari za huko mliko. Naomba ushauri mapema, kabla ardhi haijawa ngumu. Mwaka jana tulihamia nyumba yetu wenyewe nje ya mji. Huku hakuna mtaro wa jiji. Tuna tangi la septiki la galoni 1,000, la zege, na nyuma yake mifereji ya chini ya ardhi inayotawanya maji ya tangini ili udongo uyanywe. Januari ikaja wiki ya baridi kali na theluji haba. Choo cha chini kikaanza kuguguma, kesho yake maji machafu yakapanda kwenye bafu. Kampuni iliyokuja kuzibua ilitumia mashine ya mvuke, ikatuachia bili nzito na karatasi yenye mapendekezo matatu:

1. Waya wa umeme wa kupasha moto bomba linalotoka nyumbani hadi tangini.
2. Kufukua na kulaza mbao za povu gumu juu ya bomba na juu ya tangi.
3. Kutandika majani makavu ya ngano kila mwaka kabla ya baridi.

Baba Baraka anataka namba moja kwa kuwa haina kuchimba sana. Mimi naelekea namba tatu kwa sababu haiumizi mfuko. Fundi mwingine tuliyemwita alisema yote matatu ni kutupa hela, tuweke mfumo mpya kabisa. Hapo ndipo usingizi ulipopaa.

Nyumbani tuko wanne. Na katikati ya Desemba tunakwenda Nakuru kwa wazazi hadi mwisho wa Januari, nyumba itabaki tupu. Aliyewahi kutumia mojawapo anieleze kimemfaa vipi.

Bukavu207 (Lewiston, Maine)

Jambo mama. Mimi nakupigia kura majani. Nyumba yetu iko nje ya mji pia, na tangu tuanze kutandika hatujaganda. Tunanunua marobota ya majani ya ngano mwishoni mwa Oktoba, tunayafungua na kuyatawanya juu ya tangi na mifereji, kina cha inchi 8 hadi 12. Yasikanyagwe! Kinachozuia baridi ni hewa iliyo katikati ya majani, ukishayashindilia umebaki na mkeka tu. Juu tunaweka wavu wa plastiki uliobanwa na vigingi, la sivyo upepo wa Novemba unayapeleka kwa jirani.

Chukua majani ya ngano au shayiri, usichukue nyasi za kulishia ng'ombe. Hizo zina mbegu, na mwezi wa tano utavuna magugu.

Kaka_Duluth (Duluth, Minnesota)

Majani ni mazuri lakini huku kwetu hayatoshi. Mnakumbuka mwisho wa Januari 2019? Minneapolis ilishuka hadi nyuzi 28 za Fahrenheit chini ya sifuri, na Cotton, kijiji kilicho kaskazini ya hapa nilipo, kilisoma 56 chini ya sifuri. Kwa Selsiasi hiyo ni karibu 49 chini. Bomba langu linapita chini ya sakafu ya zege ya mbele ya gereji, siwezi kutandika majani mahali gari linapolala. Waya ndio umeniokoa.

Dada, ukichukua waya, chukua ule unaojirekebisha wenyewe: baridi ikizidi unapasha zaidi, joto likirudi unapunguza. Uwe umeandikwa kabisa kwamba umetengenezwa kwa mabomba ya maji taka. Waya wa kuyeyushia theluji kwenye ukingo wa paa si huo, hata kama bei yake inavutia. Na afunge fundi umeme mwenye leseni, kwa swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja.

Kuhusu umeme, piga hesabu hii. Waya wa wati 5 kwa futi, bomba la futi 30, ni wati 150. Kwa saa 24 ni uniti 3.6. Ukiuacha siku 120 ni uniti 432. Ukilipa senti 15 kwa uniti, unatumia kama dola 65 kwa msimu. Si pesa ya kukuumiza kichwa. Kinachouma ni gharama ya kuufunga.

Dereva_Majitaka (Minneapolis)

Dada Mama Baraka, shikilia hela yako kwanza. Kazi yangu ni gari la kunyonya maji taka na msimu wa baridi tunazibua zilizoganda, kwa hiyo haya nayaona kila mwaka. Hivyo vitu vitatu havishindani. Kila kimoja kinatibu mahali pake. Majani yanalinda tangi na mifereji. Waya unalinda bomba tu. Povu linalinda pale ulipolilaza, basi. Ukitibu mahali pasipo na ugonjwa, Januari utaniita tena.

Kwa hiyo niambie: barafu ilikuwa wapi hasa? Walipitisha kamera? Bomba linapita chini ya nini? Na ile mashine ya joto ya nyumba, ni ya kisasa yenye kibomba cheupe cha plastiki kinachodondosha maji?

MhandisiNjombe

Samahani wakuu, naingilia nikiwa Tanzania. Huku Makete tunapata sakitu asubuhi ikaunguza viazi, lakini karo, yaani tangi la maji taka, kuganda sijawahi kusikia. Nauliza kitaalamu: kwa nini msizike mfumo wote chini zaidi ya pale baridi inapofika? Mngemaliza tatizo mara moja.

Mzee_wa_Winnipeg (Manitoba, Kanada)

Kijana wangu, swali lako ni zuri na watu wengi huku hawalijui jibu lake.

Baridi inashuka mbali sana. Kanuni za ujenzi za Minnesota zinataka msingi wa nyumba ushuke inchi 42 upande wa kusini na inchi 60 upande wa kaskazini, yaani karibu mita moja na mita moja na nusu, ili ardhi ikiganda isiunyanyue. Tangi unaweza kulishusha. Mifereji huwezi. Maji yanayotoka tangini bado ni machafu, yanasafishwa na vijidudu vya udongo, na hao wanahitaji hewa. Hewa iko karibu na uso wa ardhi. Tena Minnesota wanataka futi tatu za udongo mkavu kati ya mfereji na mahali maji ya ardhini yanapopanda wakati wa masika. Penye maji ya juu wanalazimika kujenga tuta la mchanga juu ya ardhi na kuweka mifereji humo ndani. Sasa fikiria tuta hilo, limesimama wazi, upepo unalipiga pande zote.

Kwa hiyo mfumo huu unaishi kwa joto linalotoka nyumbani: maji ya kuoga, ya kufulia, ya vyombo, pamoja na joto kidogo la vijidudu wenyewe. Theluji inakuwa blanketi lake. Ndiyo maana majira mabaya si yale yenye theluji nyingi. Mabaya ni yale ambayo baridi inatangulia na theluji inachelewa.

MhandisiNjombe

Nimeelewa mzee, asante sana. Shikamoo.

Mzee_wa_Winnipeg

Marahaba mwanangu.

MamaBaraka

Asanteni mno. Nimeitafuta video ya kamera, walituma kwa simu nami sikuwa nimeitazama yote. Nimekaa na Baba Baraka tukaitazama taratibu. Tangini maji hayakuganda. Barafu ilikuwa ndani ya bomba, kama futi 14 kutoka ukutani. Tukachukua futikamba tukapima nje. Futi 14 ni pale pale njia ya miguu inapokatiza, ile ya kutoka gereji hadi mlango wa jikoni. Na kabla ya hapo kamera inazama kidogo majini halafu inaibuka.

Mashine ya joto ndiyo, ni mpya, ina hicho kibomba. Kinaingia kwenye tundu la maji la sakafuni, chini ya nyumba.

Dereva_Majitaka

Sasa tunazungumza. Umeniletea kesi kamili, acha niifungue polepole maana wengi humu mtajikuta ndani yake.

Njia ya jikoni mnaikwangua theluji kila siku, si ndiyo? Na lazima, watoto wasiteleze. Lakini kila mkikwangua mnaivua ardhi blanketi, halafu mnaishindilia kwa miguu. Udongo ulioshindiliwa na kuvuliwa theluji unaganda chini zaidi kuliko bustani iliyo futi tatu pembeni. Ndiyo sababu barafu ilikaa hapo hapo, haikuwa futi 8 wala futi 25.

La pili, kamera kuzama na kuibuka maana yake bomba limefanya tumbo. Udongo ulitulia vibaya baada ya ujenzi, sehemu ikashuka. Bomba la inchi 4 la kwenda tangini linatakiwa kuteremka kama robo inchi kwa kila futi, bila kupumzika. Likifanya tumbo, maji yanalala humo usiku kucha.

La tatu ndilo watu hawalifikirii. Mashine ya joto ya kisasa inavuna joto la moshi wa gesi inayoungua mpaka mvuke uliomo unageuka maji, na maji hayo lazima yatoke. Siku ya baridi kali yanaweza kufika galoni tano. Hayatoki kwa mkupuo, yanachuruzika. Maji ya bafu yanapita bombani yakiwa moto na mengi, yanafika tangini kabla hayajapoa. Hayo ya kuchuruzika yanatambaa kama uzi, yakifika mahali pa baridi yanasimama. Uzi juu ya uzi, barafu inapanda hadi bomba linaziba. Choo kinachovuja kinafanya kazi hiyo hiyo ya uharibifu. Mtihani wake ni rahisi: tia rangi ya chakula ndani ya tangi la choo, usivute maji, subiri nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, choo kinavuja. Mashine ya kulainisha maji nayo ikague, kama inavuja kidogo kidogo.

Kwa hiyo kati ya yale matatu:

Majani ya ngano juu ya njia ya miguu? Haiwezekani, mtayakanyaga hadi yawe uji. Yatandikeni juu ya tangi na mifereji kama Bukavu207 alivyoeleza, hilo ni jambo jema kwa bei ndogo, lakini msidhani yatalinda futi 14.

Waya? Utafanya kazi, simkatalii Kaka_Duluth. Ila utakuwa unapasha moto tumbo la bomba miaka yote badala ya kulinyoosha. Umeme ukikatika kwenye dhoruba, na dhoruba ndiyo inayokata umeme, unarudi ulipoanzia.

Povu ndilo jibu lako, na kwa kuwa mtafukua, nyoosheni bomba hapo hapo. Huhitaji kufukua uwanja mzima. Fukua sehemu ya njia na futi kadhaa kila upande. Bomba linyanyuliwe, chini yake pawekwe mchanga au kokoto ndogo na kushindiliwa vizuri, mteremko upimwe kwa pima maji, kisha mbao za povu gumu la inchi mbili zilazwe juu yake kabla ya kurudisha udongo. Ziwe pana, futi nne, kwa sababu baridi inaingia pia kutoka pembeni. Mbao mbili za futi 4 kwa 8 zikipangwa mfululizo zinakupa futi 16 za ulinzi. Chukua lile povu la rangi ya waridi au buluu lililotengenezwa kwa kukaa ardhini. Lile jeupe la punje punje, linalofungashiwa televisheni, linanywa maji na kupondeka.

Kabla ya jembe kugusa ardhi piga 811, waje kuweka alama za gesi na umeme. Ni bure. Na uliza kaunti kama kibali kinahitajika.

Huyo anayetaka mfumo mpya, mwambie akuonyeshe kilichoharibika. Tangi halikuganda. Mifereji sioni pa kuishuku. Bomba la futi chache halijawahi kuwa sababu ya kumtoza mtu mfumo mzima, na inaniuma kuona familia changa zikitishwa namna hiyo.

Kaka_Duluth

Hapo kwa tumbo la bomba nimekubali, Dereva. Mimi zege langu nisingeweza kulivunja, yeye njia yake ni ya kokoto, achimbe tu.

Niongeze kitu kuhusu kuguguma. Si kila kuguguma ni septiki iliyoganda. Bomba la hewa linalotokea juu ya paa nalo linaziba kwa sakitu, mvuke wa bombani unaganda mdomoni mwake pete kwa pete. Dalili yake: choo kinaguguma, harufu inaingia ndani, lakini maji yanashuka. Maji yakikataa kushuka kabisa, hapo tatizo liko chini. Watu wameitiwa mashine ya mvuke wakati shida ilikuwa paani.

NesiAlberta (Brooks, Alberta)

Nawaomba msikilize upande wa usalama, hasa wenye watoto. Mkitandika majani juu ya tangi, mfuniko unafichika. Simamisheni kigingi kirefu chenye utepe wa rangi kali kila pembe, ili mtoto asicheze hapo na mtu mzima asipite na gari. Kagueni skrubu za mfuniko kabla ya kuufunika. Mfuniko wa plastiki uliopasuka unavunjika kirahisi kwenye baridi.

Na mtu yeyote asiingize kichwa tangini kuangalia barafu. Hewa ya mle inaua kwa pumzi chache, na anayeruka kumwokoa mwenzake anafuata. Niko radhi kuonekana naogofya.

Jirani_Fargo (North Dakota)

Je, mkiona dalili za kuganda mtu afanye nini usiku ule ule? Mimi niliambiwa na jamaa nimwage chumvi na maji ya kuzuia injini ya gari isigande. Mwingine akasema niache bomba wazi maji yatiririke usiku kucha.

Dereva_Majitaka

Usimwage hata kimoja! Chumvi na dawa ya injini zinaua vijidudu na kuharibu udongo, halafu zinaingia kwenye maji ya ardhini. Kumbuka wengi wenye septiki wana kisima kiwanja hicho hicho.

Mzee_wa_Winnipeg

Hilo la kuacha maji yatiririke najua lilikotoka. Mwaka 2014 hapa Winnipeg baridi ilishuka mno, mabomba ya maji safi ya jiji yakaganda kwa maelfu ya nyumba, na jiji likawaambia wenye nyumba zilizo hatarini waache bomba moja likitoa maji mchana na usiku. Ushauri ule ulikuwa sahihi kwa maji yanayoingia nyumbani. Maji yanayotoka ni jambo jingine. Ukiyaachia septiki usiku kucha unaijaza, unazamisha mifereji, na asubuhi una tatizo la pili juu ya la kwanza.

Dereva_Majitaka

Kabisa mzee. Usiku ule ule, Jirani_Fargo: acha kutumia maji, piga simu kwa watu wenye leseni, waulize kama wana mashine ya mvuke au ya maji moto ya shinikizo. Usiwashe moto juu ya ardhi, usipampu maji taka yakamwagika uani.

Ikiwa kilichoganda ni mifereji, kwa kawaida haizibuliwi. Unasubiri ardhi iyeyuke, na tangi linageuka la kuhifadhia tu, linanyonywa kila likijaa. Hapo ndipo gharama inapomla mtu. Chukua wastani wa galoni 50 kwa mtu kwa siku: watu wanne ni galoni 200, tangi la 1,000 limejaa siku ya tano. Piga hesabu hiyo hadi Aprili uone kwa nini nasisitiza majani mwezi huu. Atakayeingia kwenye shida hiyo afulie nguo mjini kwenye mashine za kulipia, na aoge haraka.

Na kitu kingine kisichogharimu chochote: acheni kukata majani ya bustani juu ya mifereji kuanzia mwisho wa kiangazi. Nyasi ndefu zinashika theluji isipeperuke. Pikipiki za theluji, magari, na watoto wenye vibao vya kuteleza, wote wakae mbali. Kwenye mifumo ya tuta watoto wanaona kilima kizuri cha kuserereka, na mzazi hajui kwamba wanalishindilia blanketi.

Bukavu207

Alichosema mzee, kwamba mfumo unaishi kwa joto linalotoka nyumbani, nimekiona kwa macho. Sisi tuko wanane, mashine ya kufulia hailali. Jirani yangu ni bibi mmoja anayeishi peke yake, mfumo wake mpya kuliko wetu, na aliganda. Maji yake ya moto ni machache mno kulipasha tangi. Sasa nguo zake tumempangia siku: badala ya kufua zote Jumamosi anafua kidogo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa maji moto.

MamaBaraka

Mungu awabariki. Baba Baraka amekubali kuchimba, wiki ijayo Jumanne watu wa alama wanakuja. Sasa imebaki Nakuru. Tukiondoka wiki sita, maji yatakuwa hayatumiki kabisa. Je, hapo bomba halitagandia popote, kwa kuwa halina maji?

Dereva_Majitaka

Lingekuwa halina maji, ungekuwa sawa. Lakini mtaacha mashine ya joto ikifanya kazi ili nyumba isigande, na ile itaendelea kuchuruzika wiki sita nzima bila hata galoni moja ya maji moto ya kusafisha njia. Nyumba tupu ndiyo hatari zaidi kwa sababu hiyo.

Fanyeni hivi. Toeni kibomba cha mashine kwenye tundu la sakafu. Fungeni kipampu kidogo cha maji ya mashine za joto, kiyanyanyue hadi kwenye pipa la plastiki la galoni 55. Hata kwa galoni tano kwa siku pipa lina nafasi ya siku 11. Mtu aje mara moja kwa wiki, aliachie pipa lote kwa mkupuo na kufua mzigo mmoja wa nguo kwa maji moto. Akija ahakikishe pia nyumba ina joto.

Tangi linyonyweni siku chache kabla ya safari. Maji yaliyolala tangini wiki sita bila kuongezewa joto yanapoa sana. Lako ni la zege, halina shida kubwa. Wenye tangi jepesi la plastiki na ardhi yenye maji mengi wasifanye hivyo bila kuuliza, tangi tupu linaweza kuelea na kung'oa mabomba.

Kaka_Duluth

Au mtafutieni nyumba mtu wa kuishi. Pale chuo kikuu cha St. Cloud State kuna wanafunzi kutoka Kenya na Tanzania ambao hawana pa kwenda likizo ya Krismasi. Mpe chumba bure, aoge, apike, afue. Hakuna kipampu kinachoshinda mtu anayeishi ndani.

MamaBaraka

Kaka umenikumbusha, mtoto wa dada yangu yuko chuoni hapo na likizo yake inaanza kabla hatujaondoka. Nitampigia leo jioni. Kipampu na pipa tutafunga vilevile, maana akirudi chuoni Januari atabaki anakuja wikendi tu.

Dereva_Majitaka

Vizuri sana. Basi mwachie karatasi ukutani karibu na mashine: namba ya simu ya kampuni ya mvuke, mahali kigingi cha mfuniko kilipo, na kwamba akisikia choo kinaguguma aache maji palepale na apige simu kabla hajawasubirisha ninyi mlio Nakuru, saa zenu zimetangulia tisa. Na njia ya jikoni asiikwangue hadi udongo wakati hayupo mtu wa kupita. Atumie mlango wa mbele.